Aguse Kwanza, Jina Baadaye: Mwongozo wa Kumfunza Mtoto Mdogo Mazingira kwa Milango Mitano ya Fahamu

Mtu mzima akitoka nje na mtoto mdogo, aghalabu hufanya kazi moja tu: kutaja majina. "Huo mwembe. Yule kunguru. Huyo jongoo, usimguse." Mtoto huitikia, hurudia jina, na safari huendelea. Kesho yake akiulizwa mwembe ni upi, ataunyooshea kidole. Lakini gome lake likoje, jani lake hunukaje likifikichwa, na ni ndege gani hupigia kelele humo alfajiri, hayo hayajui.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Mtoto kwanza asikilize, anuse, aguse na atazame. Kisha aseme mwenyewe alichokipata, kwa maneno yake. Jina lije mwisho.

Umeandikwa kwa ajili ya mzazi, mlezi au mwalimu wa awali mwenye watoto wa miaka mitatu hadi sita. Huhitaji kulipa kiingilio cha hifadhi wala kununua vifaa. Ua wenye mti mmoja, nusu saa, na mtu mzima aliye tayari kuchutama vinatosha.

KWA NINI TUANZE NA HISI

Maneno hupata maana. Neno kama "kuparuza", "chachu" au "unyevunyevu" haliwezi kumwingia mtoto kwa maelezo. Akishapitisha kiganja kwenye gome la mwembe na kusikia linavyomkwaruza, siku utakapomwambia "linaparuza" atakuwa tayari analijua unalolisema.

Umakini hukua. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo mjini Roma mwaka 1907, alitengeneza vifaa vilivyotofautiana kwa sifa moja tu: vibao vya umbo moja lakini uzito mbalimbali, vikopo vya sura moja lakini harufu mbalimbali. Shabaha ilikuwa mtoto aelekeze akili yake mahali pamoja. Mazingira hayaji yakiwa yamepangwa hivyo, kwa hiyo kazi ya kupunguza ni yako.

Mwili hunufaika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka mitatu na minne apate walau dakika 180 za kuuchangamsha mwili kila siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho. Kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja, na pungufu ya hapo ni bora. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha pia kwamba watoto wanaoshinda nje zaidi hawapatwi kwa urahisi na tatizo la kutoona vizuri vitu vya mbali.

Hofu isiyo na sababu hupungua, tahadhari ya kweli huongezeka. Mtoto aliyewahi kuchunguza jongoo anavyojikunja anaweza kufundishwa tofauti kati ya jongoo na tandu. Aliyefundishwa kupiga mayowe tu atawakimbia wote wawili, au siku moja atamshika tandu.

KANUNI NNE ZA KUSHIKA

1. Mlango mmoja kwa wakati mmoja. Siku ya kusikiliza ni ya kusikiliza. Ukimwambia mtoto asikilize, atazame na anuse kwa pamoja, macho yatazimeza hisi nyingine zote.
2. Uliza, usihubiri. Maswali matatu yanatosha kwa mwaka mzima: Kikoje? Umewahi kukutana na kitu kama hiki wapi? Unadhani kwa nini kiko hivyo?
3. Ngoja jibu. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mtoto mdogo huchukua muda kulitafuta neno, na mtu mzima akimtangulia huacha kulitafuta.
4. Ulimi ni wa mwisho, tena mezani. Nje hatuonji chochote, hata tunda tunalolijua. Kuonja ni nyumbani, kwa kilichooshwa na kutolewa na mtu mzima. Kanuni hii haina siku ya kulegezwa.

Tazama inavyokwenda. Mama ameketi na mwanawe wa miaka minne karibu na kichaka kando ya jiko.

"Fumba macho, mwanangu. Pitisha kidole hapa, polepole. Kikoje?"

"Laini."

"Haya, sasa rudisha kidole kinyume, taratibu sana."

"Aa! Kinakwaruza!"

"Kwani si kile kile?"

"Kile kile. Kwenda laini, kurudi kinakwaruza."

Mama anakata kipande, anakifikicha na kukisogeza puani mwa mtoto. Kimya kidogo. Kisha: "Chai ya bibi!"

"Ee, bibi hutia haya kwenye chai. Huu unaitwa mchaichai."

Jina limekuja baada ya mtoto kuujua mmea kwa ngozi na kwa pua, na yeye mwenyewe ndiye aliyeupeleka jikoni kwa bibi. Zingatia pia alichofanya mama: aliupima ukali wa jani kabla, maana jani la mchaichai likivutwa kwa kasi hukata, na akasema "polepole" kabla kidole hakijafika.

KABLA YA KUTOKA: KAGUA ENEO

Uhuru wa mtoto nje hutegemea kazi uliyoifanya kabla. Eneo lisilokaguliwa litakulazimisha kusema "acha" kila dakika, na mtoto atajifunza kwamba nje ni mahali pa kukatazwa.

1. Pita eneo hilo peke yako siku moja kabla, au asubuhi hiyo hiyo.
2. Ondoa vioo vilivyovunjika, misumari, mifuko ya taka na kinyesi cha wanyama.
3. Tazama juu: mizinga ya nyuki, viota vya nyigu, matawi makavu. Usiwaketishe watoto chini ya mnazi wenye nazi.
4. Tazama chini: mashimo, mirundo ya mawe na kuni ambako nyoka na nge hujificha, na msafara wa siafu.
5. Weka mpaka unaoonekana kwa kamba, mistari ya majivu au mawe. "Usiende mbali" si mpaka kwa mtoto wa miaka mitatu.
6. Chagua saa ya ubaridi: saa moja hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni.
7. Beba maji ya kunywa, maji ya kunawia, sabuni, kitambaa safi na kofia.

Viatu navyo vina utaratibu wake. Kutembea pekupeku ni somo zuri la ngozi, ila lifanyike kwenye mchanga safi wa ufukweni au kwenye ua uliofagiwa na usio na kinyesi. Mabuu ya minyoo ya safura huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya miguu kutoka kwenye udongo uliochafuliwa. Kwa sababu inayofanana na hiyo, madimbwi, mabwawa na vijito si mahali pa kuchezea: vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeingia humo.

KISANDUKU: VYA KUTAZAMA BILA KUGUSA

- Mnyaa na mimea mingine inayotoa utomvu mweupe. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kuleta madhara makubwa.
- Mbono na mbarika. Mbegu zake zina sumu na zinavutia watoto.
- Mtipitipi, wenye mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi. Watu huzitunga shanga, lakini zikitafunwa ni sumu kali.
- Mnanaha, wenye maua marefu kama tarumbeta na tunda la miiba.
- Upupu. Manyoya ya maganda yake huwasha mwili mzima.
- Korosho mbichi yenye ganda. Mafuta ya ganda hubabua ngozi. Utomvu wa kikonyo cha embe bichi nao huunguza midomo.
- Washawasha (viwavi wenye manyoya), tandu, nge, nyigu na siafu.
- Mnyama au ndege aliyekufa, na mbwa au paka usiyemjua.

Mfundishe mtoto kiapo kifupi cha mikono: "Sijui, sigusi. Nikitaka, naita." Mwambie akirudie kila mnapotoka, hata kama amekizoea.

MATEMBEZI YA KWANZA, HATUA KWA HATUA

Siku ya kwanza isizidi dakika 20. Kusudi ni kumfundisha mtoto mwendo wa pole tu.

1. Simameni mlangoni. Mwambie: "Leo tunatembea kwa masikio." Mtajie mlango mmoja tu.
2. Tembeeni hatua chache, kisha ketini mahali palipokaguliwa. Wewe pia keti. Ukisimama, mtoto atajua mnaondoka.
3. Nyamazeni kwa muda wa pumzi kumi. Fumba macho naye.
4. Uliza swali moja. Ngoja.
5. Rudia maneno yake bila kuyasahihisha. Akisema ndege "anakwaruza kwa mdomo", sema: "Anakwaruza. Tumsikilize tena."
6. Mruhusu afuate kilichomvuta, hata kama si ulichopanga, mradi kiko ndani ya mpaka.
7. Taja jina la kitu kimoja au viwili, kwa alivyovishughulikia kweli.
8. Naweni mikono kwa sabuni mkirudi. Mkiwa mnanawa, muulize atakachomsimulia baba, bibi au kaka.

MLANGO KWA MLANGO

1. Masikio

Anza hapa, kwa sababu kusikiliza hakuna hatari na humtuliza mtoto kabla ya mengine.

*Ramani ya sauti.* Chora duara mchangani, mtoto aketi katikati. Kila akisikia sauti mpya, aweke kokoto upande inakotokea: karibu kwa sauti ya karibu, mbali kwa ya mbali. Baada ya dakika chache muulize ni upande gani wenye kokoto nyingi, na kwa nini. Rudieni zoezi hilo alfajiri siku moja na magharibi siku nyingine. Atagundua kwamba kunguru, jogoo na wadudu wana zamu zao.

*Vyura baada ya mvua.* Masika yakianza, simameni barazani usiku na kusikiliza. Mtoto atauliza wanalilia nini. Wanaolia ni madume wanaowaita majike. Mwambie baada ya yeye kukisia kwanza.

2. Pua

Harufu hukaa muda mrefu katika kumbukumbu, na Pwani hadi bara tuna mimea mingi ya kuanzia: mrehani, kivumbasi, mchaichai, jani la mlimau, jani la mpera, karafuu, tangawizi.

*Vikopo pacha.* Chukua vikopo sita vinavyofanana. Weka kila harufu katika vikopo viwili: viwili karafuu, viwili mchaichai, viwili ganda la chungwa. Funika kwa kitambaa chembamba ili asione. Mtoto anuse na kupatanisha pacha. Anza na harufu zilizo mbali. Baadaye mpe zilizo karibu, kama limau na ndimu.

*Udongo wa mvua ya kwanza.* Mwagia maji kiraka cha udongo mkavu na mnuse pamoja. Harufu ile hutokana na kemikali inayotengenezwa na bakteria waishio udongoni, na matone huirusha hewani. Kwa mtoto wa miaka mitano inatosha kusema kuna viumbe wadogo wasioonekana wanaoishi humo.

Tahadhari: mfundishe kupunga hewa kwa kiganja kuelekea puani badala ya kutumbukiza pua. Usitumie pilipili, unga mkavu wala dawa za dukani.

3. Ngozi

*Mfuko wa siri.* Tia vitu vitano katika mfuko wa kitambaa: kifuu cha nazi, makumbi, kokoto laini, unyoya safi, jani kavu la mkungu. Mtoto atie mkono, akieleze kitu kabla ya kukitoa. Asiseme jina kwanza. Aseme kama ni baridi, kizito, chenye kona au kinachobonyea.

*Jua na kivuli.* Weka jiwe moja juani na la kufanana nalo kivulini kwa nusu saa. Yapime wewe kwanza kwa kiganja, kisha mpe. Muulize kuku hupumzika wapi mchana, na kwa nini.

*Kifauongo.* Kama mmea huu upo kwenu, mpe mtoto muda wa kutosha nao. Aguse ncha ya jani moja kwa kidole. Vijani vitajifunga viwili viwili kuanzia pale alipogusa kuelekea kwenye kikonyo, kisha jani zima litainama. Akigusa kwa nguvu zaidi, na majani ya jirani yatajifunga. Mwambie asubiri: baada ya dakika kadhaa yatafunguka tena. Hakuna misuli humo. Maji huhama ndani ya chembe zilizo kwenye maungio ya jani, nalo hulegea. Mwangalie mtoto asishike shina, lina miiba midogo.

4. Macho

Macho ya mtoto hufanya kazi siku nzima. Hapa kazi yako ni kuyapunguzia eneo.

*Uwanja wa kamba.* Tandaza kamba iliyofungwa duara ardhini, isizidi upana wa mikono yake. Mtoto alale kifudifudi na kutazama ndani ya duara tu. Mwanzo atasema hamna kitu. Mwache. Baada ya dakika tatu ataanza kuhesabu.

*Njia ya sisimizi.* Weka punje chache za sukari karibu na msafara wa sisimizi, si siafu. Mkishaona njia imejipanga, chukua kijiti na kusugua ardhi kukata njia ile. Sisimizi watafika pale na kusita, watazunguka, wengine watarudi nyuma, hadi mmoja avuke na wenzake wamfuate. Wanafuata harufu iliyoachwa chini na wenzao. Hapa mtoto huona kwa macho yake kwamba mdudu naye anatumia hisi, na kwamba pua, kwa namna ya sisimizi, inaweza kuchora barabara.

*Kivuli cha mti.* Chomeka kijiti penye ncha ya kivuli asubuhi, adhuhuri na alasiri. Muulize kivuli kimekwenda wapi. Onya kila mara: jua lenyewe halitazamwi.

5. Ulimi

Rudini ndani, naweni mikono, kisha panga sahani: kipande cha chungwa, ukwaju uliotolewa mbegu, chembe ya chumvi, jani la mchunga lililopikwa. Mfunge mtoto kitambaa machoni akikubali. Aseme ni tamu, chachu, ya chumvi au chungu, kabla ya kusema ni nini.

Kisha mwambie abane pua na kuonja tena chungwa. Ladha itafifia, na akiachia pua itarudi. Hapo ataelewa kwamba ulimi na pua hula pamoja.

Tahadhari: mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, ubuyu wenye mbegu wala punje ngumu, zinaweza kumkaba. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Uliza kwanza kama kuna chakula kinachomdhuru mtoto, hasa kama si wako.

MAHALI ULIPO

Ghorofani mjini. Panda kunde kwenye pamba iliyolowa ndani ya glasi, zitachipua kwa siku chache. Mtoto aguse mzizi, anuse pamba, na atazame shina linavyoelekea dirishani. Geuza glasi upande wa pili na mngoje siku mbili.

Pwani. Nendeni maji yakiwa yanakupwa, na mrudi kabla hayajaanza kujaa. Siku za bamvua tofauti ya maji katika pwani yetu hufikia karibu mita nne, na hujaa haraka kuliko mtoto anavyotembea. Viatu vya mpira ni lazima. Mtoto asiokote kombe lenye umbo la pia: baadhi ya konokono wa aina hiyo wana mwiba wenye sumu inayoweza kuua. Yavuyavu lisiguswe hata likiwa limekauka mchangani.

Shuleni, darasa kubwa. Usitoke na watoto 50 kwa pamoja. Wagawe vikundi vya sita, kila kikundi na mtu mzima au mwanafunzi mkubwa, na kila kimoja kiwe na kituo chake: vikopo hapa, mfuko wa siri pale, uwanja wa kamba kule. Zungusheni kwa mlio wa ngoma. Hesabu watoto mnapotoka, mnapobadilishana na mnaporudi.

Mtoto mwenye ulemavu. Mtoto asiyeona au asiyesikia asifanywe mtazamaji. Kwenye mfuko wa siri na vikopo pacha, asiyeona huenda akawa mwalimu wa wenzake. Anayechukia vitu vyenye utelezi au vumbi aanze kwa kijiti au glavu. Usimshike mkono kwa nguvu.

MAKOSA YA KAWAIDA

- Kuwahi kutaja jina. Mtoto akishapewa jina huona kazi imekwisha.
- "Chafu hiyo!" Udongo huoshwa kwa sabuni. Tofautisha uchafu wa kweli (kinyesi, taka, mzoga) na udongo wa kawaida.
- Kumwambukiza hofu. Kinyonga hana sumu, lakini mtoto akikuona unaruka, atajifunza kumpiga mawe. Kama unamwogopa, simama mbali na mtazame pamoja macho yake yanavyozunguka kila moja upande wake.
- Kugeuza matembezi kuwa mtihani. "Nimekwambia jana, hili jani la nini?" Swali hilo humfunga mdomo.
- Kubeba kila kitu nyumbani. Okoteni kilichoanguka tu. Kiota, yai na kombe lenye kiumbe ndani hubaki pale pale.
- Simu mkononi. Ukishughulika kupiga picha, mtoto atageuka kupiga pozi. Iweke mfukoni kwa ajili ya dharura.
- Kubuni jibu. Usipojua, sema "sijui, tutazame." Mtoto ataona kwamba hata mkubwa hutafuta.

KISANDUKU: IKITOKEA AJALI

1. Utomvu jichoni: osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nendeni hospitali.
2. Amemeza mmea au mbegu: toa mabaki mdomoni, usimtapishe, chukua kipande cha mmea, nendeni hospitali mara moja.
3. Nyuki: ondoa mwiba haraka kwa kuukwangua, osha, weka kitambaa cha maji baridi. Midomo ikivimba au pumzi ikimbana, ni dharura.
4. Nyoka: mtulize, asitembee, kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Hospitali mara moja.
5. Ameumwa na mbwa au kukwaruzwa na mnyama: osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

RATIBA YA WIKI TANO

Tengeni siku mbili kila wiki, nusu saa kila siku, mahali pale pale. Kurudia mahali pamoja ndiko kunakomfundisha mtoto kuona mabadiliko.

- Wiki ya 1: masikio
- Wiki ya 2: pua
- Wiki ya 3: ngozi
- Wiki ya 4: macho
- Wiki ya 5: ulimi, mezani; na siku ya pili mtoto achague mwenyewe mlango anaoupenda

Wa miaka mitatu atosheke na zoezi moja fupi. Wa miaka minne aanze kulinganisha vitu viwili. Wa miaka mitano na sita akisie kwanza, ajaribu, kisha achore alichokiona. Mchoro wake usisahihishwe, muulize akusimulie.

ORODHA YA MLANGONI

☐ Eneo limekaguliwa, juu na chini
☐ Mpaka umewekwa na mtoto ameuona
☐ Maji, sabuni, kofia na viatu vipo
☐ Mlango wa leo ni mmoja, na mtoto anaujua
☐ Kiapo cha mikono kimerudiwa
☐ Simu iko mfukoni, ina chaji
☐ Ninajua kituo cha afya kilicho karibu

UTAJUAJE KWAMBA ANAJIFUNZA?

Usihesabu majina aliyoyakariri. Sikiliza maswali yake. Mtoto aliyeanza kwa "hii nini?" akifika kwenye "mbona jana ilikuwa laini na leo ngumu?", amekwisha kuwa mchunguzi. Dalili nyingine ni kwamba ataanza kukuvuta wewe: "Mama, nyamaza, sikiliza."

Akikwambia hivyo, nyamaza. Na usingoje likizo wala safari ya mbugani ndipo uanze. Kagua ua wako leo jioni, chagua mti mmoja, na kesho saa moja asubuhi mketi chini yake mkiwa mmefumba macho.